Ulimi wa Mfuko: Habari za Koa wa Kijani na Waliomtazama

Mwaka 1902 jarida la Jumuiya ya Zoolojia ya London lilichapisha makala kuhusu viumbe laini wa bahari waliookotwa katika pwani za Zanzibar. Viumbe hao ni jamaa wa konokono, ila hawana gamba. Wengi hawazidi urefu wa kidole, na wengine hawafiki hata upana wa ukucha. Aliyeandika makala hayo hakuwa mwalimu wa chuo wala mtunza makumbusho. Alikuwa Sir Charles Eliot, Kamishna wa Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, nchi iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920, na wakati huohuo Konsuli Mkuu wa dola yake hapa Unguja.

Inafaa tumtazame mtu huyu kabla ya kuwatazama makoa wake. Alizaliwa mwaka 1862, na tangu ujana alikuwa na kipawa cha lugha ambacho sisi tunaohangaika na kamusi hatuna budi kukionea wivu. Mwaka 1890 alitoa kitabu cha sarufi ya Kifini. Baadaye, mwaka 1921, alitoa majalada matatu kuhusu Uhindu na Ubudha. Baina ya sarufi na dini aliongoza chuo kikuu cha Sheffield, kisha cha Hong Kong, kisha akawa balozi huko Tokyo. Na katika vipindi vyote hivyo, penye meza yake palikuwa na vichupa vya spiriti vyenye makoa, na kisu kidogo cha kuwapasulia.

Wengi wa makoa wa pwani yetu hakuwaokota mwenyewe. Kazi hiyo ilifanywa na kijana Cyril Crossland, aliyekuwa akikusanya viumbe vya bahari Zanzibar na pwani ya Kenya katika miaka 1901 na 1902, na ambaye hatimaye alimaliza sehemu kubwa ya umri wake katika Bahari ya Shamu, akishughulikia chaza wa lulu huko Dongonab, Sudan. Eliot alimlipa kwa sarafu ya wanazuoni: jenasi moja mpya aliipa jina Crosslandia, na mmoja wa makoa wake akamwita Crosslandia viridis, yaani wa kijani. Koa mwingine aliyetoka kisiwa cha Wasini, mbele ya Shimoni, akamwita Halgerda wasinensis. Hivyo Wasini, kisiwa ambacho ramani nyingi za dunia hazikioneshi, kina jina lake katika daftari la viumbe la ulimwengu mzima.

Shida ya kazi hiyo ilikuwa spiriti. Koa akitiwa katika spiriti hujikunja, hupoteza rangi, hubaki donge la kijivu lisilotofautiana na kipande cha gegedu. Mtu akitaka kujua alikuwa nani hana la kufanya ila kumpasua na kuyahesabu meno ya ulimi wake chini ya hadubini. Kwa sababu hiyo maelezo aliyoyaandika Crossland palepale pwani, koa angali hai katika maji ya chumvi, rangi zake zingali zinawaka, yalikuwa na thamani kuliko koa mwenyewe aliyefika mezani. Eliot alilijua hilo vizuri. Alikuwa mtazamaji mwangalifu, mwenye subira na mambo madogo.

Hapana budi kulisema na la pili. Mtu huyohuyo, mwenye jicho la kutofautisha koa na koa kwa jino moja, aliyatazama malisho ya Wamaasai katika Bonde la Ufa akaona nchi ya kuwagawia walowezi. Mwaka 1904 aliiandikia serikali yake kwamba Wamaasai na makabila mengine mengi hawana budi kuzama, na hakuliona hilo kuwa jambo la kuficha. Mwaka huohuo alijiuzulu. Wala hakujiuzulu kwa kuwaonea huruma wenye ardhi. Aligombana na London kwa kuwa kampuni moja ilikubaliwa kupewa maili za mraba 500, eneo lisilo mbali na ukubwa wa Unguja nzima, ilhali yeye alikatazwa kuwapa ardhi Wazungu wawili binafsi. Mwezi Agosti mwaka 1904 mrithi wake alitia saini mkataba uliowahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa. Kuona ni kazi, na mtu huweza kuifanya kazi hiyo kwa ukamilifu mahali pamoja na kuikataa kabisa mahali pengine.

Sasa turudi kwa koa. Nimemtaja Crosslandia viridis kwa sababu ni mfano mzuri wa jicho kudanganywa. Ni wa kijani, hukaa katika majani ya bahari, na umbo lake limechanikachanika kama mwani. Mtu angeapa kwamba ni mla mwani. Lakini ukoo wake ni wa wala nyama. Chakula chao ni vile vijidudu vya baharini vinavyoota juu ya majani kama vichaka vidogo. Ukijani wake ni vazi tu. Upo ukoo mwingine wa makoa ambao ukijani wao si vazi, na hao ndio ninaotaka kuwaeleza.

Kiswahili hakikuwapa jina. Pwani yetu imekipa jina kila kiumbe chenye faida au chenye madhara: chaza, kombe, kauri, pweza, jongoo, fumi wa miiba mirefu anayetoboa mguu wa asiyevaa viatu. Kiumbe kisichopikwa, kisichouzwa na kisichochoma kilibaki ni dudu la baharini. Kamusi hutupa neno koa kwa konokono asiye na gamba anayekula mboga bustanini, nami nimelichukua neno hilo nikalitia maji ya chumvi. Wataalamu wao huuita ukoo huu Sacoglossa, jina lililotolewa katika karne ya 19 kwa maneno mawili yenye maana ya mfuko na ulimi. Kwetu tungesema: wenye ulimi wa mfuko.

Jina hili si pambo. Konokono wa kawaida ana ulimi uliojaa safu nyingi za meno, naye hukwangua nao chakula kama mtu anayekuna nazi. Koa wa ulimi wa mfuko ana safu moja tu, na jino moja tu ndilo linalofanya kazi kwa wakati mmoja. Jino hilo ni kama kisu au shazia la mshona viatu. Huliingiza katika ukuta wa mwani, akatoboa, kisha akafyonza utomvu. Jino likichakaa halitupwi. Husukumwa mbele likaingia katika kijifuko kilicho chini ya ulimi, na jino jipya likashika nafasi yake. Mpasue koa mzee, utayakuta mle meno yake ya ujanani, madogomadogo, yamelundikana pamoja na ya juzi. Umri wake wote wa kula ameuweka chini ya ulimi.

Kisu kimoja kinamtosheleza kwa sababu ya chakula anachokichagua. Baadhi ya mwani wa kijani, kama vile Caulerpa, hauna vyumba vingi kama mimea tuliyoizoea. Mmea mzima, shina, mizizi na majani, huweza kuwa seli moja kubwa isiyo na kuta ndani yake. Anayetoboa hapo ni kama aliyetoboa dafu: tundu moja tu, na maji yote yanakuja.

Wa kwanza kumwandika koa wa namna hii kwa jina linalotumika hadi leo alikuwa George Montagu, mwanajeshi wa Kiingereza aliyefukuzwa jeshini, akahamia pwani ya Devon kuwatazama ndege na konokono. Mwaka 1804 alimwita viridis. Yeye alimwona ni wa kijani, akaandika kwamba ni wa kijani, na akaishia hapo. Mwaka 1818 Antoine Risso, mwuza dawa wa mji wa Nice, alilitoa jina la Elysia, linalokumbusha mabustani ya Wagiriki wa kale walikokwenda wafu wenye heri. Huyu alikuwa na bahati ya kuishi kando ya bahari yenye maji mangavu.

Wa tatu hakuwa na bahati. Johan Coenraad van Hasselt, daktari wa Kiholanzi, alipelekwa Java na rafiki yake Heinrich Kuhl kukusanya viumbe vya visiwa vile. Walifika mwishoni mwa mwaka 1820. Kuhl alikufa mwaka 1821, van Hasselt mwaka 1823, wote wangali vijana, wote huko Buitenzorg, mji unaoitwa leo Bogor. Maelezo yake ya koa aitwaye Plakobranchus ocellatus yalichapishwa mwaka 1824, mwenyewe yumo kaburini. Nimemtaja kwa sababu Plakobranchus si mgeni kwetu. Hutambaa katika mchanga baina ya majani ya bahari kutoka Afrika Mashariki hadi katikati ya Pasifiki: bapa, rangi ya mchanga, mwenye vidoa vya duara kama macho. Ukimtazama juu humwoni kuwa wa kijani. Lakini amefunga mabawa mawili mgongoni, moja juu ya jingine, kama mtu aliyejifunga kanga. Akiyafungua, ndani mna mistari ya kijani kibichi, mmoja kando ya mwingine. Jambo la ajabu lilikuwa limefichwa ndani ya nguo, na kwa miaka zaidi ya mia hakuna aliyelijua.

Aliyelijua kwanza aliishi Japani. Inapendeza kusema kwamba katika miaka ya 1920, Eliot alipokuwa balozi Tokyo, mwanamfalme aliyekuwa akishika utawala kwa niaba ya baba yake, Hirohito, naye alikuwa mtu wa kukusanya viumbe vya bahari. Makoa aliowapata katika ghuba ya Sagami walielezwa na mtaalamu Kikutaro Baba katika kitabu cha mwaka 1949. Baba huyohuyo, pamoja na Siro Kawaguti wa chuo kikuu cha Okayama, ndio waliotangaza mwaka 1959 habari iliyowatikisa wenye makumbusho. Huko Tamano, juu ya mwani wa Caulerpa, walipatikana konokono wenye magamba mawili kama ya kombe. Magamba ya aina hiyo yalikuwa yakijulikana tangu 1875, yakichimbwa katika udongo wa kale wa bonde la Paris, na kila mtu aliyahesabu kuwa ya kombe mdogo. Sasa mwenye gamba ametoka nje, ana kichwa, ana macho, ana pembe mbili, na anatambaa. Alikuwa ni wa ukoo wa ulimi wa mfuko. Wataalamu walikuwa wamelisoma gamba kwa miaka themanini na nne bila kumwona mwenyewe akila.

Kawaguti alikuwa ametangulia kufanya kazi katika matumbawe ya Palau, ambako alijifunza jinsi mnyama na mmea wanavyoweza kuishi katika mwili mmoja. Ndani ya tumbawe mna vijimea vizima, kila kimoja na uhai wake. Bila shaka alitazamia kukuta jambo kama hilo ndani ya koa. Mwaka 1965 yeye na mwenziwe Yamasu walimweka Elysia atroviridis chini ya hadubini ya elektroni. Hawakukuta mmea mzima. Walikuta kloroplasti peke yake: vile vijumba vya kijani ambavyo ndani ya jani hupokea mwanga wa jua na kutengeneza sukari. Koa alikuwa ameutoboa mwani, ameufyonza utomvu, amevisaga vyote vilivyomo isipokuwa hivi. Hivi alikuwa amevihifadhi ndani ya seli zake mwenyewe.

Mwaka 1969 Robert Trench, mzaliwa wa Belize, alionesha pamoja na wenzake kwamba vijumba hivyo havikai bure. Waliwapa makoa wa Karibi na wa Pasifiki kaboni iliyotiwa unururifu ili ifuatike, wakawaweka penye mwanga. Baada ya muda kaboni ile ikaonekana katika mwili wa mnyama, hata katika ute anaotambalia. Kloroplasti iliyotolewa kwenye mmea ilikuwa ikifanya kazi katika mwili wa konokono.

Hapa mfasiri hana budi kusimama, maana hapa ndipo maneno yalipoanza kuwatangulia watu. Jambo hili lilipewa jina la kitaalamu lililoundwa kwa neno la Kigiriki la mwizi. Magazeti yakafuata: mwizi wa kijani, mwizi wa jua. Nilipotaka kulileta jambo hili katika Kiswahili nilijaribu maneno mengi. Kuiba hudai kwamba yuko mwenye mali aliyebaki hai analalamika, na hapa seli iliyofyonzwa imekwisha kufa. Kuazima hudai kurudisha. Kurithi hudai ukoo. Kughusubu ni zito mno kwa kiumbe cha milimita nane. Kuteka kulinivutia, kwa kuwa kunabeba maana ya mateka anayefanyishwa kazi katika nyumba ya aliyemteka, nasi watu wa pwani hii tunaijua historia ya neno hilo kuliko inavyostahili kuchezewa katika habari za koa. Mwisho nilishika neno kutwaa, ambalo halihukumu. Lakini lugha zenye nguvu zilikuwa zimekwisha kuhukumu, na hukumu hiyo ilikuja na hadithi yake: mwizi huyu ameiba hata ufundi, sasa hana haja ya kula, anaishi kwa jua kama mti.

Hadithi ilipata shujaa wake katika mabwawa ya chumvi ya pwani ya mashariki ya Marekani. Elysia chlorotica, aliyepewa jina na Gould mwaka 1870, anafanana kabisa na jani, hata mishipa anayo. Maabarani aliweza kukaa miezi tisa bila chakula. Kloroplasti peke yake haiwezi kudumu hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya maagizo ya kuitengeneza yamo katika kiini cha seli ya mwani, na kiini hicho koa amekisaga. Basi, ikasemwa, koa atakuwa ameyatwaa na maagizo. Mwaka 2008 Mary Rumpho na wenzake walitangaza kuona jeni moja ya mwani ndani ya koa huyo. Habari ilienea ulimwenguni kote: mnyama amekuwa nusu mmea.

Kisha wakaja wenye kutilia shaka. Mwaka 2011 kikundi cha watafiti walitafuta dalili za jeni kama hizo katika makoa wengine wawili, mmoja wao Plakobranchus wetu, wasizione. Mwaka 2013 wengine walichunguza mayai ya chlorotica mwenyewe, ambayo bado hayajagusa mwani. Humo pia hamkuwa na ushahidi. Na mwaka 2014 Gregor Christa na wenzake walifanya jaribio ambalo mtu angefikiri lingefanywa mwanzo kabisa: waliwaweka makoa gizani. Wanyama walikuwa wachache, lakini jibu lilitia adabu. Walionyimwa mwanga na waliopewa mwanga walikonda kwa kadiri moja, na waliokuwa gizani hawakufa.

Nionavyo mimi, hili ndilo fundo la historia yote. Miaka 45 ilipita baina ya kaboni ya Trench na giza la Christa. Haikuwa kwa sababu giza ni kitu cha gharama. Jina lilikuwa zuri mno. Mtu akishaitwa mla jua, nani atakumbuka kumuuliza anavyoishi usiku?

Baada ya hapo maswali yalikuwa na heshima zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Aveiro, Ureno, waliifuata kaboni katika mwili wa koa wa Mediterania, wakaikuta katika viungo vya uzazi. Na waliokaa penye mwanga wa kutosha walitaga mayai mengi kuliko waliokaa katika mwanga hafifu. Basi jua halimshibishi mama, ila linasaidia mayai yake. Na mwaka 2025 watafiti wa chuo kikuu cha Harvard walionesha kwamba Elysia crispata wa Karibi, mmoja wa wale waliotumiwa na Trench, huziweka kloroplasti katika vifuko alivyovitengeneza mwenyewe. Akiwa ameshiba, anazitunza. Akishikwa na njaa ya muda mrefu, anazisaga na kuzila, na rangi yake hugeuka kutoka kijani ikawa ya machungwa. Neno linalofaa hapa ni akiba, na kila nyumba ya pwani ilikuwa na mahali pa akiba pa namna hiyo, pa kuhifadhi mhogo mkavu na ng'onda kwa siku za kusi.

Mambo haya yote yalionwa kwa hadubini. Lakini tangu Cousteau na Gagnan walipotengeneza mtungi wa hewa wa mzamiaji mwaka 1943, na zaidi tangu kamera ndogo za majini zilipoenea, koa amepata watazamaji wa namna nyingine: watu wasio na vyeti, wanaomtazama alipo. Mwaka 1993 Mjapani Ichikawa alimweleza koa wa kisiwa cha Kuroshima, Costasiella kuroshimae, asiyezidi sentimita moja, mwenye uso mweupe, macho meusi mawili yaliyokaribiana na pembe zilizosimama kama masikio. Kila anayemwona husema: kondoo. Leo wazamiaji husafiri hadi Indonesia na Ufilipino kwa ajili ya kupiga magoti mbele ya jani moja la mwani wakimtafuta.

Huku kwetu hapahitajiki mtungi. Mimi sijaufunga mtungi maishani. Nina miwani ya kupigia mbizi, kidude cha kuvutia pumzi, na mtoto wa dada yangu anayeijua mikondo ya upande wa mashariki. Siri yake ni moja: usimtafute koa, tafuta anachokula. Nenda siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa vizuri na kuanza kurudi, ulale juu ya maji kimo cha kiuno, usogee mkono mmoja kwa dakika tano. Pale penye Caulerpa yenye vishada kama zabibu, tazama vishada vilivyopauka. Aliyefyonza hayuko mbali. Pale penye Halimeda, ule mwani mgumu wenye vipande kama sarafu zilizounganishwa, ambao ukifa huwa sehemu ya mchanga wetu mweupe, hesabu sarafu moja moja. Mojawapo itakuwa na macho. Huyo ni Elysia pusilla, bapa, mwenye rangi na upana wa kipande anachokalia. Na ukiona uzi mweupe au wa manjano uliosokotwa kama ukili ulioanza kushonwa mkeka wa duara, hayo ni mayai, na mama ni wa mwani huohuo.

Usiwashike. Wengine, wakisumbuliwa, hutoa ute kama maziwa wenye sumu waliyoifyonza katika Caulerpa. Wengine huyaacha mabawa yao yakabaki yanafurukuta, wenyewe wakaondoka. Ukiwafunika kwa kivuli cha mkono wako kwa muda, kisha ukaondoa mkono, utawaona baadhi yao wakiyapanga upya mabawa yao kwa kadiri ya mwanga, wakiyafungua jua likiwa la wastani na kuyakunja likiwa kali. Ni jambo dogo, na ukilitazama mwili unakuwa baridi usijue.

Kina mama wa Paje na Jambiani, wanaolima mwani tangu 1989 kwa vijiti na kamba katika maji hayohayo, wanaujua mwani kuliko yeyote aliyetajwa katika makala haya. Wanajua mwezi upi unaoza, upi tasi wanaukata, upepo upi unaung'oa. Mwani wao ni mwekundu kwa ukoo, si chakula cha koa huyu, kwa hiyo hawana ugomvi naye. Nilimwonesha mmoja wao picha ya Plakobranchus aliyefungua kanga yake. Alisema wako wengi, hukaa kwenye majani kabla ya kufika kwenye kamba, na kwamba asubuhi jua likiwa bado dogo ndipo wanapojifungua. Aliniuliza wanaliwa. Nikamwambia hawaliwi. Akacheka, akaniuliza sasa hao Wazungu na Wajapani miaka mia mbili walikuwa wanawatazamia nini.

Eliot alifariki mwaka 1931 ndani ya meli ya Kijapani, akirudi kwao, na mwili wake ukazikwa baharini. Baadhi ya makoa aliowapa majina wangali na majina hayo. Miaka tisini baadaye, mwaka 2021, mtafiti kijana wa chuo kikuu cha wanawake cha Nara, Sayaka Mitoh, pamoja na mwalimu wake Yoichi Yusa, walieleza jambo ambalo Mitoh aliligundua katika vyombo vya makoa aliokuwa akiwafuga. Kichwa cha Elysia kilikuwa kimejikata chenyewe kutoka mwilini, kimeuacha mwili na moyo wake, na kilikuwa kinatembea. Baada ya saa chache vichwa kama hicho, vya makoa wachanga, vilianza kula mwani. Katika muda wa wiki moja moyo mpya ulianza kuota, na katika wiki tatu hivi mwili wote ulikuwa umerudi. Mwili wa zamani nao uliendelea kuishi siku nyingi bila kichwa, moyo wake ukipiga, mpaka rangi yake ya kijani ilipopauka.